Namba zenye saba na namba zisizo nayo

Kisia: kuanzia 1 hadi 100, ni namba ngapi zina tarakimu 7? Wengi husema 10, kwa kuwa wanaziona 7, 17, 27 hadi 97 na kuusahau mlolongo mzima wa 70 hadi 79. Wanaoukumbuka husema 20. Jibu ni 19, maana 77 imo katika makundi yote mawili na haihesabiwi mara mbili.

Orodha hiyo, yaani 7, 17, 27, 37, 47, 57, 67, 70, 71 na kuendelea, ni mfuatano wa namba kamili kama ile uliyofundishwa shuleni, ila sharti lake halina kujumlisha wala kuzidisha. Namba inapokelewa au inakataliwa kwa jinsi inavyoandikwa tu. Mwongozo huu ni kwa yeyote anayetaka kuchezea mifuatano ya namna hii bila kupotea njia: mwanafunzi, mwalimu anayetafuta zoezi la kufungia wiki, au mtu mwenye kalamu na saa moja ya bure. Ushauri wangu mkubwa nautoa sasa hivi: usianze kwa kuorodhesha. Hesabu kwanza nafasi za tarakimu, orodha itafuata.

Sema sharti lako sawasawa

“Namba yenye 7” ni maneno mawili yanayobeba masharti manne. Huenda unamaanisha namba yenye 7 walau moja, au yenye 7 moja tu, au iliyoandikwa kwa saba tupu (7, 77, 777), au unataka kinyume chake, isiyo na 7 kabisa. Watu wawili wakibishana juu ya jibu la fumbo la tarakimu, mara nyingi wote wamepatia, ila kila mmoja amejibu swali lake.

Kuna mtego mwingine ulio karibu na huo. Mpe fundi kazi ya kuandika namba za nyumba 1 hadi 1000. Vibao vyenye 7 vitakuwa 271, lakini saba atakazochora kwa brashi ni 300. Kuhesabu namba ni jambo moja, kuhesabu mara ambazo tarakimu imeandikwa ni jambo lingine. Hakiki hivi: vibao 243 vina saba moja, vibao 27 vina mbili, na kimoja, 777, kina tatu. Jumlisha vibao: 243 na 27 na 1 ni 271. Jumlisha saba zenyewe: 243, na 54, na 3, ni 300. Mifuatano hii ina uzuri huo, kwamba unaweza kujihakiki kwa njia ya pili bila kumwuliza mtu. Ifanye desturi.

Hesabu zilizokosa, si zilizopata

Hizo 271 zimetoka wapi? Usihangaike na zenye 7. Hesabu zisizo nayo. Andika namba zote chini ya 1000 kwa nafasi tatu, ukijaza sifuri mbele pale panapopungua: 000, 001, 002, hadi 999. Nafasi ya mamia ina tarakimu kumi za kuchagua, ukiondoa 7 zinabaki tisa. Makumi vilevile, mamoja vilevile. Basi zisizo na 7 ni 9 × 9 × 9, yaani 729, na zilizobaki katika elfu ni 271.

Endelea na njia hiyo uone kinachotokea. Chini ya 10,000, zenye 7 ni 3,439. Chini ya 100,000 ni 40,951. Chini ya milioni ni 468,559, bado hazijafika nusu. Chini ya milioni kumi ni 5,217,031, na hapo nusu imeshavukwa. Kila unapoongeza nafasi, zisizo na 7 zinabaki na sehemu tisa kati ya kumi za uwiano zilizokuwa nao, kisha tisa kati ya kumi za hizo tena. Ukifika namba za tarakimu 22, zaidi ya asilimia 90 ya namba zote zina 7 mahali fulani. Hakuna upendeleo kwa saba: ingekuwa 3 au 9, hesabu ingekuwa hiyohiyo.

Sifuri ndiyo inayovunja utaratibu. Hatuandiki 007 tunapomaanisha 7, kwa hiyo ule ujanja wa kujaza sifuri mbele, uliotufaa kwa saba, hapa ungeharibu kila kitu. Hesabu kwa urefu. Zisizo na sifuri zenye tarakimu moja ni 9, zenye mbili ni 81, zenye tatu ni 729, jumla 819. Namba kuanzia 1 hadi 999 ni 999, basi zenye sifuri ni 180 tu, pungufu kabisa ya zile 271 za saba. Ukikutana na swali la tarakimu, angalia mapema kama sifuri imo katika sharti. Ikiwemo, punguza mwendo.

Namba ya siri ya simu au ya benki ni kisa cha tofauti, kwa sababu ile si namba bali ni safu ya tarakimu: 0042 na 42 si kitu kimoja. Kwa nafasi nne kuna safu 10,000, na zisizorudia tarakimu hata moja ni 10 × 9 × 8 × 7, yaani 5,040. Watu hudhani tarakimu nne tofauti ndizo salama kuliko zote. Sasa chukua kufuli la mlango la tarakimu nne ambalo vibonyezo vyake vimechakaa. Vikichakaa vinne, mwizi ana mipangilio 24 ya kujaribu. Vikichakaa vitatu, maana yake tarakimu moja imerudiwa asiyoijua ni ipi, na mipangilio inapanda hadi 36. Vikichakaa viwili inashuka hadi 14. Ihesabu mwenyewe ile 36, ni zoezi zuri kuliko linavyoonekana.

Kuipata ya 600 bila kuandika 599

Hapa ndipo mfuatano unapoanza kukutii. Tuseme unataka namba ya 600 katika orodha ya zisizo na 7: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 8, 9, 10 na kuendelea. Ukiinyima namba tarakimu moja, umebakiwa na tisa, na mtu mwenye tarakimu tisa anahesabu kwa vizio vya tisa. Badala ya mamoja, makumi na mamia, nafasi zake zina thamani ya 1, 9, 81, 729 na kuendelea.

Igawe 600 kwa nafasi hizo. Ndani yake mna 81 mara saba, ambazo ni 567, zinabaki 33. Katika 33 mna 9 mara tatu, ambazo ni 27, zinabaki 6. Umepata 7, 3, 6. Sasa kumbuka kwamba 7 imepigwa marufuku, hivyo anayeshika nafasi ya saba katika foleni ya tarakimu ni 8, na anayeshika nafasi ya nane ni 9. Badilisha 7 iwe 8, nyingine ziache zilivyo. Jibu ni 836.

Una shaka? Kuanzia 0 hadi 699 zisizo na 7 ni saba mara 81, yaani 567. Kuanzia 700 hadi 799 hakuna hata moja. Kuanzia 800 hadi 829 ni 27, tumefika 594. Kuanzia 830 hadi 835 ni sita, tumefika 600, lakini tuliihesabu 0 ambayo haimo katika orodha yetu, kwa hiyo 835 ni ya 599 na 836 ni ya 600.

Kanuni hii inafaa kwa tarakimu yoyote iliyokatazwa isipokuwa sifuri. Tarakimu iliyokatazwa na zinazoizidi zote husogea hatua moja mbele, ndogo zake hazisogei. Ukikataza 9 hakuna cha kusogeza, na orodha ya namba zisizo na 9 inageuka kuwa namba zote zilizoandikwa kwa kizio cha tisa. Ukiruhusu tarakimu 0 na 1 peke yake, unapata namba za mfumo wa jozi ambao kompyuta hutumia: ya 13 katika orodha ya 1, 10, 11, 100 ni 1101, kwa kuwa 13 ni 8 na 4 na 1.

Kompyuta, na pale inapokudanganya

Ukitaka orodha ndefu, mistari mitatu ya Python inatosha:

for n in range(1, 1001):
    if "7" in str(n):
        print(n)

Inaigeuza kila namba kuwa maandishi, inatafuta 7 ndani yake, ikiiona inaichapa. Badilisha alama ya tarakimu, badilisha kikomo, umepata mfuatano mwingine.

Wenye Excel tu wanaweza kuandika namba katika safu A na kutumia =ISNUMBER(FIND("7",A1)). Inafanya kazi vizuri mpaka namba zirefuke. Excel hutunza tarakimu 15 zenye maana, na zinazozidi huzigeuza sifuri. Kwa mtu anayehesabu mashuke na chumvi za duka si neno. Kwa sisi ni balaa, kwa sababu sisi tunasoma tarakimu yenyewe. Chukua 2 iliyozidishwa kwa nafsi yake mara 51, yaani kipeo cha 51 cha mbili: thamani yake halisi ni 2,251,799,813,685,248, haina sifuri hata moja. Excel itakuonyesha 2,251,799,813,685,250. Imekutungia sifuri ambayo haipo, na kama sharti lako lilikuwa “isiyo na sifuri”, namba halali imetupwa nje bila onyo. Python haina shida hiyo kwa namba kamili, inazitunza zote hadi mwisho.

Sikuuchagua mfano huo kwa bahati. Vipeo vya mbili visivyo na sifuri ni moja ya mifuatano ninayoipenda kuliko yote. Vinaanza vingi: 1, 2, 4, 8, hadi 512, kisha 1024 inaleta sifuri ya kwanza. Baadaye vinaadimika. Kipeo cha 67 kimo, cha 72 kimo, 76, 77, 81, na cha 86:

77,371,252,455,336,267,181,195,264

Tarakimu 26, hakuna sifuri. Jumla ni vipeo 36, ukianzia kipeo cha sifuri ambacho ni 1. Kompyuta zimetafuta kingine mbali sana kupita hapo na hazijaona. Tayari unajua kwa nini: namba ikiwa ndefu, uwezekano wa kukwepa tarakimu moja katika nafasi zake zote unayeyuka. Lakini kuyeyuka si kwisha, na hakuna aliyethibitisha kwamba 86 ndicho cha mwisho.

Mfuatano mwingine una mwisho usio na ubishi. Namba zisizorudia tarakimu haziwezi kuzidi 9,876,543,210, kwa sababu baada ya hapo tarakimu zimekwisha. Ukianzia 1 ni 8,877,690, hakuna zaidi. Katika hizo, zenye tarakimu zote kumi ni 3,265,920, na hakuna hata moja kati yake iliyo namba tasa: jumla ya tarakimu 0 hadi 9 ni 45, basi kila mojawapo inagawanyika kwa 9. Zile ambazo ni mraba kamili ni 87 tu. Ndogo kuliko zote ni 1,026,753,849, yaani 32,043 mara 32,043; kubwa kuliko zote ni 9,814,072,356, yaani 99,066 mara 99,066.

Mchezo au hisabati?

Utaulizwa faida yake, kwa hiyo jiandae. Mwanahisabati Mwingereza G. H. Hardy, katika kitabu chake A Mathematician's Apology cha mwaka 1940, alitaja kwamba 8712 na 9801 ndizo namba pekee za tarakimu nne ambazo ni kigawe cha namba ileile ikisomwa kinyumenyume (2178 mara nne, na 1089 mara tisa). Aliona jambo hilo linafaa safu za mafumbo magazetini na kwamba halina cha kumvutia mwanahisabati. Hoja yake ina uzito. Tarakimu ni mavazi ya namba. Ungehesabu kwa nane, 8712 ingeandikwa kwa sura nyingine kabisa na maajabu yake yangepotea.

Hata hivyo naona alihukumu aina nzima kwa kosa la mmoja. Miaka 26 kabla ya kitabu hicho, mwaka 1914, mwanahisabati A. J. Kempner alichapisha tokeo la kushangaza. Jumlisha 1, na nusu, na theluthi, na robo, bila kuacha: jumla hiyo hupanda polepole mno, lakini haina kikomo. Sasa futa kila sehemu ambayo asili yake ina tarakimu 9. Jumla inapata kikomo. Uthibitisho ni ule wa kuhesabu nafasi. Asili za tarakimu moja zisizo na 9 ni nane, na kila sehemu haizidi 1. Za tarakimu mbili ni 72, kila sehemu haizidi moja ya kumi, jumla haizidi 7.2. Za tarakimu tatu ni 648, kila moja haizidi moja ya mia, jumla haizidi 6.48. Kila kundi ni tisa ya kumi ya lililotangulia, hivyo yote pamoja hayawezi kuzidi 80. Baadaye, mwaka 1979, Robert Baillie alichapisha thamani zenyewe kwa usahihi mkubwa: kwa zisizo na 9 ni karibu 22.92, kwa zisizo na sifuri ni karibu 23.10.

Tokeo jingine unaweza kulithibitisha kwenye meza ya chai. Chagua namba yoyote: kipo kigawe chake kinachoandikwa kwa 0 na 1 tu. Kwa 7 ni 1001. Kwa 6 ni 1110. Kwa 17 ni 11101. Ukitaka kukipata cha 12, gawa 1, 11, 111, 1111, 11111 kwa 12 na utazame mabaki: 1, 11, 3, 7, 11. Baki la 11 limejirudia, kwa 11 na kwa 11111. Toa ndogo kwenye kubwa, mabaki yanafutana, na 11,100 inagawanyika kwa 12 bila kubakisha: 925 mara 12. Baki lazima lijirudie wakati fulani, maana mabaki ya kugawa kwa 12 hayazidi kumi na mbili ilhali safu za moja hazina mwisho. Badala ya 12 weka namba uipendayo.

Na kwa wasiotosheka, mwaka 2016 James Maynard wa Oxford alithibitisha kwamba ukikataza tarakimu yoyote moja, bado zipo namba tasa zisizo na mwisho ambazo hazina tarakimu hiyo. Ugumu wake unaujua sasa: zisizo na 7 zinaadimika, tasa nazo zinaadimika, na ilibidi kuonyesha kwamba makundi mawili yanayopungua hayaachi kukutana. Mwaka 2022 Maynard alipewa Nishani ya Fields kwa kazi zake juu ya namba tasa.

Kuitafuta orodha yako

Ukishapata mfuatano, angalia kama kuna aliyekutangulia. Neil Sloane alianza kukusanya mifuatano ya namba kamili mwaka 1964 akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani. Kitabu chake cha 1973 kilikuwa na mifuatano 2,372. Kile cha 1995, alichoandika na Simon Plouffe, kilikuwa na karibu 5,500. Mkusanyo ukaingia kwenye intaneti mwaka 1996, na leo katika oeis.org imo zaidi ya 350,000, bure kwa kila mtu.

Andika namba zako sita hadi kumi, kwa mpangilio wa kupanda, ukizitenga kwa mkato. Ruka za kwanza mbili au tatu, kwa sababu wengine huanza na 0 na wengine na 1. Usiandike namba ndogo tupu: 1, 2, 3, 4, 5, 6, 8 ni mwanzo wa mifuatano mingi mno, ilhali ukianzia 66, 68, 69, 80, 81 umeonyesha mahali saba ilipokatwa. Kila mfuatano una namba ya kumbukumbu inayoanza na A. Zenye sifuri ni A011540. Zisizo na 9 ni A007095, na ukurasa wake unakupa ulichokwisha kujionea, kwamba ni namba za kizio cha tisa. Chini ya ukurasa utaona maneno ya kuainisha. Neno base linakuambia kwamba mfuatano unategemea namna ya kuandika namba, kwa hiyo ungebadili kizio nao ungebadilika.

Usipoikuta orodha yako, unaweza kufungua akaunti na kuituma. Wahariri wa kujitolea huipitia kabla ya kuipokea, na hawapendi masharti yaliyobandikwa tu pamoja. “Namba zenye 7 na 4, zinazogawanyika kwa 13” mtu yeyote anaweza kuitunga kabla ya chai kupoa, na nyingine elfu moja kama hiyo. Kabla ya kutuma jiulize mambo matatu: je, ina mwisho? Chini ya 10,000 ziko ngapi? Ya 600 ni ipi? Kama moja kati ya hayo umeshindwa kulijibu baada ya kujaribu kwa dhati, na kompyuta pia haikusaidii kulijibu, tuma.